Mwenye Nyumba Hakai

Nyumbani kwetu siku ya Mtakatifu Luka hatualiki mtu. Anayeijua nyumba anakuja, na asiyekuja tunamsema mwaka mzima. Meza inatandikwa tangu asubuhi, mshumaa mrefu unawashwa mbele ya picha ya mtakatifu na fahali wake, na mwenye nyumba anasimama. Anasimama kweli, si kwa maneno. Wageni wanakaa, wanakula, wanabishana siasa. Yeye anapokea makoti, anamimina divai, anasindikiza watu mpaka mlangoni, na haketi mpaka jioni mshumaa uzimwe. Baba yetu, Milutin, alikuwa na goti bovu alilolipata kiwandani, na hata yeye siku ya slava, sikukuu hii ya mtakatifu wa ukoo, hakugusa kiti. Akichoka sana alikuwa anaegemea friji na kujifanya anasikiliza.

Baba alikufa mwezi wa tatu, kabla miplamu haijachanua. Jukumu la mshumaa likamwangukia mdogo wangu Vukoman.

Mkubwa ni mimi. Mimi ndiye ninayeukanda mkate wa slava na kuusuka yale mapambo ya unga juu yake, ndege, vichala vya zabibu na masuke ya ngano. Mimi ndiye ninayejua nani haruhusiwi chumvi na daktari na nani anasingizia tu. Lakini mshumaa huenda kwa mwanamume, na mimi Zagorka, niliyeolewa nikaachika nikarudi na masanduku yangu, slava ya mume nimeiacha kwake na ya baba si yangu. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba ninasimulia nikiwa na kinyongo kidogo. Mdogo wangu nampenda kuliko ninavyomwonyesha, hilo nalo ulijue.

Vukoman ni mchomeleaji vyuma, na anacheza raga. Si ile ya watu kumi na watano inayoonyeshwa kwenye televisheni. Ni ile ya kumi na watatu. Ukimwambia dereva teksi wa hapa Pančevo, Serbia, kwamba ndugu yako anachezea timu ya taifa, atakuuliza ya mpira gani, na ukimjibu atakuuliza tena. Mdogo wangu ni wa mbele, wale wanaobeba mpira kifuani na kwenda kujigonga kwa makusudi kwa watu wazima watatu. Anacheza robo saa hivi, anatolewa apumzike, anarudishwa akajigonge tena. Mama hajawahi kwenda kumwona. Anasema hakumzaa kwa uchungu ule ili akakae jukwaani kutazama akipigwa.

Baba alikuwa akienda. Uwanja wenyewe ni wa kuazima kutoka kwa watu wa soka, na ni baba na Vukoman waliochomelea mabomba juu ya yale magoli ili yawe marefu kama raga inavyotaka. Yamepinda kidogo upande wa kushoto, kila mtu anayaona, na hakuna anayesema. Baba alikuwa akiniambia kuna kitu kimoja anachokipenda katika mchezo huo. "Ukiangushwa," alisema, "hawagombanii mpira juu ya mgongo wako. Wanakuachia. Unasimama mwenyewe, unauweka chini, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua. Usiposimama, Zaga, hakuna kinachoendelea."

Basi mwaka ule, mashindano ya mataifa ya Ulaya yakapangwa, na ratiba ikatoka.

Tulikuwa jikoni watatu. Mama, Persida, aliyevaa nyeusi tangu msiba, alikuwa anapasua jozi kwa nyundo ndogo. Vukoman aliingia, akasimama karibu na dirisha, akakohoa kama mtu anayetaka kuposa.

"Mama, Waitalia wanakuja tarehe thelathini na moja."

"Waje tu. Nyumba hii haijawahi kumfukuza mtu."

"Wanakuja kucheza, mama. Saa nane mchana. Hapa hapa kwetu."

Nyundo ikabaki juu. Tarehe thelathini na moja Oktoba, kwa kalenda ya kanisa letu, ndiyo siku ya Mtakatifu Luka, na katika nyumba hii mtoto anaifahamu kabla hajafahamu siku aliyozaliwa.

"Wahamishe," mama akasema.

"Wameshakata tiketi za ndege."

"Kwa hiyo ahame mtakatifu? Yeye hana tiketi?"

"Mama, nikisema siendi, tunaanza na watu pungufu mbele. Tukifungwa tunashushwa daraja. Na hii ni ya mwisho kwangu. Mabega yenyewe haya unayaona."

"Na slava hii ni ya kwanza kwako," mama akasema, na akapasua jozi mpaka ikawa unga.

Nikaingilia, kwa sababu siwezi kukaa kimya hata kwa kulipwa. Nikasema twende kwa Padri Gavrilo tumwombe aanzie kwetu asubuhi, akate mkate na Vukoman, mambo ya kanisa yaishe mapema. Siku hiyo Padri huzunguka nusu ya mtaa, maana nyumba za Mtakatifu Luka hapa ni nyingi, lakini alimpenda baba na hatakataa.

"Kukata mkate ni kazi ya dakika tano," mama akasema. "Wageni wanakuja mchana. Kusimama ndiyo slava."

Baba mdogo Radenko, mdogo wake baba, alikuja Jumapili, na kabla hajavua kofia alikuwa ameshapata suluhisho. Radenko ni mtu wa masuluhisho. Akasema mshumaa uende kwake. Ana sebule kubwa, ana meza ya kukunjua, na hana mtoto anayejigonga na Waitalia. Mama hakumjibu yeye. Alimgeukia Vukoman.

"Wewe ni mtu mzima, sikufungi kamba. Nenda. Lakini wageni wakiingia na hakuna mwenye nyumba wa kuwasimamia, jioni mshumaa atauzima baba'ko mdogo, na mwakani utawaka kwake. Nyumba haiwezi kuwa na mtakatifu halafu ikose mtu."

Vukoman alichukua maganda yote ya jozi mezani kwa kiganja chake kikubwa, akaenda kuyatupa nje. Alikaa huko muda mrefu kuliko maganda yanavyohitaji.

Siku yenyewe Padri Gavrilo alikuja saa mbili asubuhi, macho mekundu kwa usingizi. Vukoman alikuwa amevaa shati jeupe la baba, linambana mabega. Mshumaa ukawashwa. Wakaukata mkate upande wa chini kwa alama ya msalaba, wakaumwagia divai, wakaushika pamoja wakauzungusha polepole, na mimi nikashika pembeni maana pembeni naruhusiwa. Walipoumega, Vukoman alikishika kipande chake kwa mikono miwili kama mtoto aliyekabidhiwa yai. Mtu huyu huyu anayekwenda kugongana na majitu bila kupepesa macho.

Saa tano alibeba begi lake. Akambusu mama mkono.

"Mama, nisamehe."

"Funga mlango, baridi inaingia," mama akasema. Nje košava ilikuwa imeanza kuvuma, na ule upepo ukianza hauulizi kama una shughuli.

Wageni wakaanza kuingia. Kwetu unapoingia kwenye slava unatamka kwanza, "Slava njema, mwenye nyumba!" na yeye anakushukuru, mnabusiana, ndipo unapewa kijiko cha ngano tamu, kisha unakaa. Wa kwanza alikuwa Kosara, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake. Akafungua mlango, akapanua mikono.

"Slava njema, mwe…"

Akatuona. Mama na nguo zake nyeusi, mimi na unga mikononi, sote na aproni. Neno likamwishia mdomoni.

"Asante, asante!" Radenko akaitikia kutoka nyuma ya meza. Mama alimpa kazi ya kushika nafasi, naye aliianza vizuri, nisimsingizie. Alisimama kwa wageni wa kwanza. Alisimama kwa supu. Zilipokuja sarma, ile kabichi yetu ya kuviringisha na nyama, akasema miguu yake ina maji, akavuta kiti, akakaa. Akajipakulia.

Mama alikuwa na sufuria mkononi. Alikiangalia kile kiti, akakiangalia tena, akarudi jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya friji, palepale baba alipokuwa akiegemea, ameweka kiganja chake juu ya mlango wake.

"Amekaa," akaniambia.

"Nimemwona."

"Milutin na goti lile."

"Najua, mama."

Nililia kidogo. Yeye hakulia, aliniambia niangalie nyama.

Sebuleni mambo hayakwenda. Walikula, lakini walikula kama watu wanaongoja basi. Kila aliyeingia alianza salamu na kuikatiza katikati. Ilipofika karibu saa nane Kosara akafuta mdomo, akainuka.

"Persida, chakula chako hakina mpinzani, Mungu aibariki mikono hiyo. Lakini mimi nimekula ngano ya nyumba hii, nimekula sarma zake, na mwenye nyumba sijamtakia heri. Itanikaa rohoni. Naenda kumtakia huko huko aliko."

"Kosara, huko wanapigana," Radenko akasema.

"Nitasubiri wapumue."

Mtu mmoja akicheka wengine hupata ruhusa. Wakainuka wote. Nikawa nagawa makoti ya watu waliokuwa hawajamaliza sahani zao, na sebule ikabaki na mshumaa, mtakatifu, fahali na baba mdogo. Nyumba tupu siku ya slava! Kwetu hata kuota jambo hilo ni mkosi. Wengine wakipata aibu kama hiyo huhama mtaa.

Mama alitazama viti vile, akafunika sufuria zote, akavitazama tena, mpaka ikawa saa nane na nusu. Kisha akavua aproni, akafunga kitambaa chake cheusi kichwani, akabeba bakuli la ngano na vijiko.

"Radenko, wewe linda mshumaa. Kwa kukaa huna mpinzani."

"Na nyinyi?"

"Naenda kuwarudisha wageni wangu."

Alitembea mbele yangu njia nzima, bakuli kifuani, upepo ukimpiga usoni, na mimi nyuma namwombea Mungu asije akamzaba Vukoman makofi mbele ya timu ya taifa ya Italia. Getini kijana akaomba tiketi. Mama akamtia kijiko cha ngano mdomoni na kupita.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, na tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Wageni wetu walijaa jukwaa dogo la mbao na kofia zao nzuri za sikukuu. Baadaye niliambiwa kila Vukoman aliposhika mpira walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, "Slava njema, mwenye nyumba!", na Waitalia wakadhani ndio wimbo wetu wa vita.

Lakini tulipofika hakuwa uwanjani. Alikuwa ametolewa apumzike. Wenzake wa akiba walikuwa kwenye benchi, wamejifunika mablanketi. Yeye alikuwa pembeni yao, wima, jicho moja limevimba.

"Kwa nini yeye hakai?" mama akauliza. "Ameumia mgongo? Zagorka, ameumia mgongo?"

Hata mimi sikuelewa. Kocha wao, mzee Tihomir mwenye sauti ya kutu, alikuwa anambwatukia.

"Kaa chini, ng'ombe wewe! Nakuhitaji dakika kumi za mwisho, miguu imekwisha!"

"Sikai."

"Benchi lina miiba?"

"Leo sikai, kocha. Nichape, nifukuze, mimi leo sikai."

Na hakukaa. Aliyetoka uwanjani, Vukoman alimpokea, akamfunika blanketi, akampa maji. Mwingine akitoka, vivyo hivyo. Kijana mmoja wa Kiitalia alitolewa kwa upande wetu, kifundo kimeteguka, analia kwa hasira. Vukoman akampa bega, akamketisha kwenye benchi letu, akamshikisha chupa, akamtazama mpaka anywe. Nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Tangu saa ngapi?" akamuuliza Kosara.

"Tangu tuje. Hata mapumziko, wenzake wote wamelala kwenye nyasi, yeye kasimama katikati yao anagawa machungwa. Sisi tunamwita, yeye anatupungia mkono. Nikasema huyu mtoto sasa kachanganyikiwa."

"Hajachanganyikiwa," mama akasema.

Akashuka. Akapita kamba, akaenda mpaka kwenye benchi, akaanza kugawa ngano, kijiko kwa kila mdomo. Yule Mwitalia alidhani ni dawa ya kifundo, akameza akifumba macho, kisha akafumbua, akaomba tena. Alipomfikia Vukoman alimpita, maana mwenye nyumba hali kabla ya wageni. Mdogo wangu akainamisha kichwa, na nikaona mabega yamemshuka. Alidhani amekasirikiwa. Nilitaka kumpigia kelele kwamba sivyo, lakini Tihomir alikuwa ameshamsukuma uwanjani.

Dakika za mwisho zile nisingependa kuzirudia. Bado pointi mbili. Walikuwa wanampa yeye mpira, anakwenda nao, anaangushwa, anasimama, anausukuma nyuma. Wanampa tena. Kila akisimama alichukua muda zaidi. Mbele ya magoli yale ya baba wakampokea watatu kwa mara moja, nikasikia sauti ya miili kutoka nilipokuwa, na akaenda chini. Wale watatu wakamwachia, kama sheria inavyotaka. Yeye akabaki chini.

Tihomir alikuwa ameshainua mkono kumwita daktari. Ndipo ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo, wakati mama alipokuwa akituita kutoka mtoni.

"Mwenye nyumba! Wageni wamejaa, wewe umelala?"

Tangu baba afe, kila aliyepiga simu nyumbani akimuulizia mwenye nyumba alijibiwa na mama kwamba yuko kaburini. Hakuwahi kumpa mtu mwingine neno hilo. Na sasa alilipiga kelele mbele ya mataifa mawili, akiwa na kijiko mkononi.

Vukoman akainua kichwa. Akaweka goti moja, kisha la pili. Akasimama. Alikuwa anacheka, damu menoni, mjinga yule, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Akauweka mpira chini, akausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake akauokota, akauchomoa pembeni kwa kijana wetu mwenye mbio, nafasi wazi, hakuna mtu. Kijana akaudondosha.

Tukafungwa kwa pointi mbili.

Tihomir alirusha kofia, akaikanyaga. Vukoman akaja kwetu akichechemea. "Mama," akasema, "wageni nimewapa kila kitu. Hata mechi." Mama akamtia kijiko cha ngano mdomoni, akakifuata na konzi ndogo kichwani, akambusu palepale alipompiga.

Kisha akawageukia Waitalia. "Waambie," akasema, "sisi siku hii hatualiki mtu."

Vukoman akawaambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Niliona maneno yanakuwa mengi kuliko aliyotumwa, na mkono wake unaonyesha kushoto, halafu kulia, halafu geti la kijani.

"Umewaambiaje?"

"Kwamba hatualiki mtu. Na nyumba iko wapi."

Wakaja wote, nywele zikiwa bado mbichi. Tuliazima viti kwa Kosara, tukaazima kwa ng'ambo ya barabara, na bado wengine walikaa dirishani. Ilikuwa mwaka wa msiba, hakukuwa na muziki, lakini kelele zilikuwepo za kutosha. Mlangoni, mmoja mmoja, walimshika Vukoman mkono na kutamka maneno waliyoyasikia uwanjani siku nzima bila kuyajua, na yeye akajibu asante, asante, karibu. Jicho lilikuwa limeziba kabisa. Alimimina divai kwa jicho moja na hakumwaga.

Jua lilipozama baba mdogo Radenko aliinuka mwenyewe, bila kuambiwa. Alikuwa amelinda mshumaa kwa uaminifu, hilo namshukuru, hata upepo wa mlango aliuziba kwa mgongo wake. Alijaza glasi ndogo divai nyekundu, akamkabidhi Vukoman.

"Chukua, mwenye nyumba. Mimi miguu yangu ina maji."

Mdogo wangu akafanya ishara ya msalaba, akainamisha divai juu ya utambi, ukalia kidogo, ukazimika. Mama akakivuta kiti cha baba kutoka mwisho wa meza.

"Sasa kaa, mwanangu."

Hakukaa. Alisimama amekishika kile kiti kwa nyuma.

"Dada naye," akasema. "Hajakaa tangu alfajiri. Mimi nimesimama mchana mmoja, watu wananipigia kelele. Yeye kasimama miaka yote kule jikoni, nani alimwona?"

Mama alinitazama. Sijui nilikuwa nafananaje, unga kwenye nyusi, sufuria mkononi. Alinitazama muda, kisha akaenda mwenyewe ukutani, akavuta kiti cha pili, akakiweka ubavuni mwa kile cha baba.

Mimi nilikaa. Vukoman ikawa kazi, kwa sababu magoti yaligoma kabisa kukunjika. Ilibidi Waitalia wawili wamshike makwapa na kumteremsha polepole, huku mama akiwaelekeza kwa Kiserbia na wao wakiitikia kwa Kiitalia.